UZI: Wafoinike, watu waliotupatia herufi wakabaki bila kitabu

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Uzi huu nimekaa nao moyoni muda mrefu, na ni mrefu kweli. Mwenye haraka auhifadhi, aurudie jioni. Nitaanza na daftari la bibi yangu, halafu ndiyo tuvuke bahari.

Bibi mzaa mama alikuwa anauza nazi na samaki wa kukaanga pale Pangani. Shule ya serikali hakuwahi kuikanyaga, na majirani walimchukulia kama mtu asiyejua kusoma. Kumbe alikuwa na daftari la jalada gumu, analiweka chini ya mto, na kila aliyekopa jina lake limo humo: fulani nazi nne, fulani pishi moja ya mchele, tarehe kumi mfungo mosi. Lote kwa Kiswahili, lote kwa herufi za Kiarabu alizofunzwa utotoni chuoni, yaani madrasa ya Kurani. Nikiwa darasa la tatu nikalikuta jina langu humo, deni la kashata, nami nikaliandika tena kwenye mstari uleule kwa herufi za shule. La kwake limeanzia kulia, la kwangu limeanzia kushoto, yakakutana katikati ya ukurasa.

Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba maandishi yale mawili ni ndugu, yana babu mmoja. Babu mwenyewe ni hawa Wafoinike, wafanyabiashara wa pwani ya Lebanoni ya leo. Na kinachoniuma, ndicho kilichonileta hapa: watu waliowapa wengine herufi, wao hawana hata kitabu kimoja kilichotufikia kwa lugha yao. Tunawajua kwa midomo ya Wagiriki na Warumi waliopigana nao, na ya manabii waliowatabiria maangamizi.

Ni akina nani hasa

Jina lenyewe si lao. "Phoinix" ni neno la Kigiriki, linagusa rangi ya zambarau inayokaribia wekundu, kwa sababu ya vitambaa walivyouza. Wenyewe walijiita kwa miji yao: mtu wa Tiro, mtu wa Sidoni, mtu wa Gebali, mji ambao Wagiriki waliuita Byblos. Au walijiita Wakanaani. Askofu Augustino wa Hippo, huko Algeria ya leo, aliandika mwishoni mwa karne ya 4 BK kwamba wakulima wa kwao wakiulizwa ninyi ni nani, hujibu kwa Kipuniki, yaani Kifoinike cha Afrika Kaskazini, kuwa wao ni Wakanaani. Hapo ni zaidi ya miaka 500 baada ya mji wao mkuu wa Afrika, Karthago, kuchomwa moto.

Mtu wa pwani yetu hahitaji nguvu kuwaelewa. Fikiria Lamu, Pate, Mombasa, Kilwa: kila mji na mtawala wake, lugha moja, biashara moja, na ugomvi wao wa ndani. Ndivyo walivyokuwa. Hawakuwahi kuwa dola moja. Nyuma yao milima yenye mierezi, mbele yao bahari, ardhi ya kulima nyembamba kama utepe. Tiro kilikuwa kisiwa kabisa, mpaka Aleksanda Mkuu alipokizingira mwaka 332 KK kwa miezi saba, akajaza kifusi baharini mpaka jeshi lake likapita kwa miguu. Mchanga ukajikusanya kwenye kile kifusi karne kwa karne, na leo Tiro ni rasi iliyoungana na bara. Vita imebadilisha ramani.

Wasomaji wa Biblia mnawajua tayari. Hiramu mfalme wa Tiro ndiye aliyempelekea Sulemani mierezi na mafundi (1 Wafalme 5). Na someni Ezekieli 27 taratibu, msiipite mbio: nabii anailaani Tiro, lakini kabla ya kuilaani anataja bidhaa zake bandari kwa bandari. Fedha, chuma, bati na risasi kutoka Tarshishi, pembe za ndovu na mpingo, ngano, asali, mafuta, divai, sufu. Adui yao ndiye aliyetuachia orodha bora ya biashara yao.

Ile rangi nayo ilitoka kwa konokono wa baharini. Mwaka 1909 mkemia wa Kijerumani, Paul Friedländer, alihitaji konokono 12,000 kupata gramu 1.4 tu za rangi. Ndiyo maana wafalme walijivunia kuivaa. Sidoni mpaka leo kuna kilima kizima cha makombe yaliyovunjwa. Na uvundo! Mwanajiografia Strabo aliandika kwamba viwanda vya rangi viliufanya mji wa Tiro usiwe mahali pazuri pa kuishi, ila ndivyo vilivyoutajirisha.

Herufi zilivyozaliwa

Hapa naomba tukae kidogo.

Mwaka 1905 mwanaakiolojia Mwingereza Flinders Petrie alikuwa anachimba Serabit el-Khadim, jangwani Sinai, kwenye machimbo ya kale ya feruzi. Alikuta michoro isiyo hieroglifi (maandishi ya picha ya Misri), imekwaruzwa kwenye mawe kama kazi ya mkono usiozoea kalamu. Mwaka 1916 mtaalamu wa maandishi ya Misri, Alan Gardiner, akagundua neno moja linalojirudia: Baalat, yaani Bibi, mungu wa kike wa pale. Kumbe ilikuwa lugha ya watu wa jamii ya Kikanaani waliokuwa wakifanya kazi kwa Wamisri, karibu miaka 1800 KK.

Maandishi ya Misri yalikuwa na alama mamia. Kuwa karani ilikuwa kazi ya maisha. Hawa watu wa machimboni wakafanya jambo dogo sana: wakachukua picha, wakabakiza sauti yake ya kwanza tu. Picha ya ng'ombe, ambaye kwao ni *alpu*, ikawa sauti ya mwanzo ya neno hilo. Nyumba ni *betu*, ikawa b. Maji, *mem*, ikawa m. Jicho, *ayin*. Kichwa, *resh*.

Chukua kalamu sasa hivi, andika A kubwa, halafu geuza karatasi juu chini. Unaona pembe mbili na uso wa ng'ombe? Amekaa hapo miaka karibu 4,000. M bado ina mawimbi. O ni lile jicho.

Na maneno yenyewe tunayo mdomoni. Mshairi anaposema "ubeti", anasema nyumba, maana *bayt* ya Kiarabu ni nyumba, ndugu wa ile *bet*. Ukisema rasi unasema kichwa, na rasilimali ni kichwa cha mali. Wazee wetu wa pwani walipomsema mtu kuwa hajui alifu kwa ujiti, walikuwa wanamtaja yule ng'ombe wa Sinai bila kujua.

Wafoinike ndio walioipa ile michoro umbo la kudumu, kufikia karibu mwaka 1050 KK: herufi 22, kutoka kulia kwenda kushoto, hakuna irabu. Mtoto wa mfanyabiashara aliweza kuzishika kwa wiki chache. Mimi naamini hapo ndipo mambo yalipobadilika, kwa sababu maandishi yalitoka ikulu na hekaluni yakaenda bandarini, mikononi mwa watu wenye hesabu za mzigo.

Kisha njia zikagawanyika. Wagiriki walizichukua kufikia karne ya 8 KK, wakakuta herufi kadhaa za sauti ambazo lugha yao haina, wakazigeuza kuwa irabu: alfa, epsiloni, iota, omikroni. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, mwenyewe anakiri kwamba herufi zililetwa na Wafoinike. Kutoka kwa Wagiriki zikaenda kwa Waetruski wa Italia, kwa Warumi, mpaka ubaoni kwetu darasa la kwanza. Upande wa pili, Waaramu walizichukua, Wanabatea wa Petra wakazipokea kwa Waaramu na kuziunganisha kwa mwandiko wa haraka, na humo zikatoka herufi za Kiarabu. Hizo ndizo zilizoandika barua za Kiswahili kutoka Kilwa mwaka 1711, zilizohifadhiwa Goa huko India. Na daftari la bibi.

Mwaka 1923 Mfaransa Pierre Montet alikuta Byblos jeneza la jiwe la mfalme Ahiramu, lenye mojawapo ya maandishi marefu ya zamani kabisa ya Kifoinike, karibu miaka 1000 KK. Ni laana: atakayelifunua jeneza hili, fimbo yake ya utawala ivunjwe na kiti chake cha enzi kipinduliwe. Jeneza liko Makumbusho ya Taifa Beirut. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1975, jengo likawa kwenye mstari wa mapigano, na walinzi wa makumbusho wakayafunika kwa zege mawe makubwa yasiyobebeka. Yalikaa humo gizani miaka yote ya vita. Yalipotolewa, maandishi yalikuwa mazima.

Bahari, na mlango wetu

Walienda mbali. Gadir, ambayo leo ni Cádiz ya Hispania, kwa ajili ya fedha. Malta, Sardinia, Ibiza, Sicilia, Utica, Lixus ya Moroko. Haya naruka, maana kuna safari moja inayotugusa sisi.

Herodotus, kitabu cha 4, anasimulia kwamba Farao Neko, karibu mwaka 600 KK, aliwatuma mabaharia wa Kifoinike washuke Bahari ya Shamu, waizunguke Afrika yote, warudi kwa mlango wa Gibraltar. Kila msimu wa kupanda ulipofika walitia nanga popote walipo, wakapanda nafaka, wakangoja mavuno, ndipo wakatweka tena. Mwaka wa tatu wakafika Misri. Anamalizia kwa kusema jambo moja ambalo yeye haliamini, ila mwingine akitaka aliamini: kwamba walipokuwa wanaizunguka Afrika, jua lilikuwa upande wao wa kulia.

Sasa simama nje saa sita mchana mwezi wa Juni, uwe Tanga, Dar au Mtwara. Angalia kivuli chako. Kimelala kusini, kwa sababu jua liko kaskazini. Mtu wa Ugiriki hawezi kuliona hilo kwao hata siku moja; kwao jua la mchana huwa kusini daima. Na chombo kinachopita ncha ya kusini ya Afrika kikielekea magharibi, kaskazini iko mkono wa kulia. Kitu kilichomfanya Herodotus atikise kichwa ndicho kinachofanya wengi leo waisadiki habari yake.

Pepo nazo zinakubali. Anayetoka pembe ya Afrika na kaskazi anashushwa mpaka huku kwetu, na kutoka Msumbiji kwenda chini mkondo wa bahari unaelekea kusini. Wazee wa jahazi wanaujua. Lakini niwe mkweli: hakuna chombo, kaburi wala kigae chao kilichothibitishwa kupatikana pwani yetu, na wanazuoni bado wanabishana. Mimi naegemea kuamini, kwa sababu ya kile kivuli.

Karthago

Qart-hadasht maana yake Mji Mpya. Mzizi wa hilo *hadasht*, yaani mpya, ndio uleule wa neno la Kiarabu lililotupa "hadithi": jambo jipya, habari. Mapokeo yanasema uliasisiwa mwaka 814 KK na watu wa Tiro, wakiongozwa na Elissa, ambaye Warumi walimwita Dido. Uko pembeni mwa Tunis ya leo.

Vita vitatu na Roma: 264 hadi 241, 218 hadi 201, na 149 hadi 146 KK. Vya Hannibal, jemadari wa Karthago, mnavijua, sitavirudia. Ninachotaka kuvisema ni vile vya mwisho, kwa sababu havikuwa vita vya watu wenye nguvu sawa. Roma iliwataka watoe silaha. Wakatoa. Kisha ikawaambia wauhame mji, wakajenge kwingine, mradi iwe kiasi cha kilomita 15 kutoka baharini. Mwambie mtu wa pwani ahame bahari! Walikataa. Mwandishi Appian anasema wanawake walikata nywele zao zisokotwe kamba za mitambo ya kurushia mawe. Walishikilia mpaka mwaka 146, jemadari wa Roma, Scipio Aemilianus, akaingia, wakapigana siku sita barabara kwa barabara na paa kwa paa. Watu 50,000 walitoka ngomeni wakiwa hai, wakauzwa utumwani.

Kuhusu ile habari ya Warumi kumwaga chumvi mashambani ili pasiote kitu: haipo kwa mwandishi hata mmoja wa kale. Ilikuja kuenea zama hizi za karibuni. Roma yenyewe iliujenga upya ule mji, na ardhi yake ikailisha Roma ngano kwa karne nyingi.

Naishia hapa kwanza, nitajibu maswali jioni.

---

Nimerudi. Ahsanteni kwa kusoma. Nimeona maswali mengi, nachukua haya.

> Mkuu mbona hujasema Hannibal alikuwa mtu mweusi? Wazungu wametuficha.

Ndugu yangu, naelewa hilo swali linatoka wapi, na sitalipuuza. Hakuna picha ya Hannibal iliyothibitishwa kuwa yake. Alizaliwa Afrika, katika mji wa Afrika uliokuwa na zaidi ya miaka 500 ya kuoana na Walibia, Wanumidia na watu wa visiwani. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2025, uliopima mifupa ya watu wapatao 200, umeonyesha kwamba watu wa miji ya Kipuniki wa karne hizo walikuwa na damu kidogo sana ya Lebanoni. Wengi walifanana na watu wa Sicilia na Ugiriki, na sehemu wakiwa na damu ya Afrika Kaskazini. Kwa hiyo Upuniki ulikuwa lugha, dini na biashara kuliko ukoo, na pwani yetu hilo si geni. Rangi ya huyu mtu mmoja siwezi kukupa.

Lakini ngoja nikupe kitu kingine cha Hannibal. Kabla hajaondoka Italia aliacha kwenye hekalu la Hera, huko Lacinium kusini mwa Italia, bamba la shaba lenye maelezo ya vita vyake, kwa Kipuniki na Kigiriki. Mwanahistoria Mgiriki Polybius analitaja kwa sababu alilisoma kwa macho yake, akachukua humo hesabu za askari. Yaani Hannibal aliandika mwenyewe! Bamba hilo halipo tena. Hiyo ndiyo hasara ninayoilia.

> Hawa si ndio waliokuwa wanachoma watoto wao wachanga kwa mizimu? Kwa nini tuwasifu?

Hili haliwezi kurukwa. Karthago kuna uwanja, uligunduliwa mwaka 1921, wenye maelfu ya vyungu vya majivu ya watoto wachanga, na vingine vya wanakondoo. Wagiriki, Warumi na Biblia wote wanawashutumu kwa kafara. Wapo wanazuoni wanaosema lilikuwa kaburi la watoto waliokufa wenyewe, katika zama ambazo watoto wengi hawakufikisha mwaka. Wengine wanasema ni kafara kweli. Mimi naegemea kuwa kafara ilikuwepo, japo si lazima kila chungu, na sababu yangu si maneno ya Warumi bali ya wenyewe. Mawe ya pale yameandikwa kwa Kipuniki kwamba fulani mwana wa fulani ameweka nadhiri kwa Tanit na Baal Hammon, miungu ya Karthago, *kwa sababu amesikia sauti yake*. Mtu anayezika mtoto aliyekufa kwa homa haandiki shukrani ya nadhiri iliyotimia. Ni jambo la kutisha, na liko kwa herufi zilezile ninazozipenda.

> Nilisoma sehemu kwamba Great Zimbabwe ilijengwa na Wafoinike. Ni kweli?

Si kweli, na nashukuru umeuliza hapa hadharani. Theodore Bent alichimba pale mwaka 1891 akisaidiwa na kundi la Cecil Rhodes, na habari ya wageni kutoka kaskazini iliwafaa sana watu waliotaka kuichukua nchi: kama Mwafrika hakujenga, basi si yake. Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichunguza akasema wajenzi ni Waafrika. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson akarudia uchunguzi akafika palepale. Bado serikali ya walowezi iliendelea kuilea ile hadithi miaka mingi.

Ona walivyofanyiwa Wafoinike hapo. Mtu asiye na kitabu chake unaweza kumtia maneno yoyote mdomoni, hata kumfanya shahidi wa kumwibia jirani.

> Swali la kizembe: kama ndio walioeneza herufi, vitabu vyao vilienda wapi?

Si la kizembe, ndilo swali la uzi wote.

Waliandika kwenye mafunjo. Misri kuna ukavu, mafunjo yanadumu. Lebanoni na Tunis ni pwani, kuna unyevu, yanaoza. Mtu aliyewahi kuhifadhi vyeti Zanzibar bila mfuko wa plastiki anajua nasema nini. Lakini vitabu vilikuwepo. Karthago ilipoanguka, anasema mwandishi Mrumi Plinius, Baraza la Roma liligawa maktaba za mji kwa wafalme wadogo wa Afrika. Kitabu kimoja tu waliagiza kitafsiriwe Kilatini: kazi ya Mago kuhusu kilimo, juzuu 28. Warumi walijifunza humo mizabibu, mizeituni na ufugaji. Tafsiri nayo imepotea, yamebaki mafungu machache ndani ya vitabu vya wengine.

Hata kuyasoma mawe yaliyobaki kulishindikana kwa karne nyingi, mpaka msomi Mfaransa Jean-Jacques Barthélemy mwaka 1758 alipotumia nguzo mbili za Malta zenye maneno ya Kifoinike na Kigiriki pamoja.

Na sasa hili, ambalo nilipolisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa kimya. Wachimbaji wamepata Karthago maelfu ya mihuri midogo ya udongo. Hati ya mafunjo ilikunjwa, ikafungwa uzi, uzi ukabanwa kwa donge la udongo mbichi, ukapigwa muhuri. Moto ulipopita, mafunjo yaliteketea na udongo ukaiva kama kigae. Ukigeuza donge moja, mgongoni unaona alama ya nyuzi za mafunjo, mistari myembamba kama ya ukili. Ndiyo nyaraka za wale watu: hati imeondoka, mgongo wa muhuri umebaki na alama yake.

> Mkuu umetaja vyombo juu juu tu. Mimi ni mtu wa bandarini, nipe ya meli.

Hii nimeiweka mwisho makusudi.

Mwaka 1971 Honor Frost, mwanamke mzamiaji, alianza kuchimba chombo kilichozama karibu na Marsala, magharibi ya Sicilia. Ni chombo cha Kipuniki cha karne ya 3 KK, zama za vita vya kwanza na Roma. Mchanga ulikuwa umehifadhi sehemu ya nyuma ya chombo, na kwenye mbao kulikuwa na herufi za rangi. Si dua, wala jina la mfalme. Ni alama za mafundi: ubao huu unakaa hapa, taruma hili linaingia pale. Vipande vilichongwa kwa mpango, vikaunganishwa kwa kufuata herufi. Chombo kiko makumbusho ya Baglio Anselmi, Marsala.

Na hapo tunaielewa habari ya Polybius. Anasema Warumi hawakujua kuunda meli kubwa za vita, wakapata moja ya Karthago iliyokwama pwani, wakaiiga, wakaunda 100 za safu tano na 20 za safu tatu, huku wapiga makasia wakifundishwa nchi kavu wamekaa kwenye mabenchi. Plinius anasema ilichukua siku 60. Ikiwa chombo walichokifungua kilikuwa na alama kama hizi za Marsala, fundi wa Karthago ndiye aliyemfundisha adui yake, kwa kuwa aliandika vizuri. Hiyo ni dhana yangu, msiichukue kama ushahidi.

Mjomba wangu alikuwa fundi wa majahazi. Chombo kikipandishwa pwani kwa ukarabati, alikuwa anabandua mbao zilizooza na nzima pamoja, anazipanga mchangani, na kabla ya kushika tezo anapita na kipande cha mkaa kuweka alama: hii ya mkono wa joshi, ya tatu kutoka mkuku. Herufi alizotumia ni za Kiarabu, jimu, dali, he, kwa sababu na yeye alisoma chuoni kama mama yake, yule bibi wa daftari. Nilikuwa namshikia kopo la mkaa. Maji yakijaa alama zinafutika, na chombo kinarudi baharini.

Mwenye mzee fundi Nungwi, Lamu au Kilwa Masoko anayetia alama mbao kwa herufi hizo, naomba apige picha kabla hajakalafati, aiweke humu.